Kiswahili cha Mgeni

Nereah alifika Birongo mwezi wa Januari akiwa na sanduku moja, godoro lililokunjwa na binti yake Adhis, mtoto wa miaka sita. Alikuwa muuguzi. Mumewe Eliakim alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo, na tangu msiba huo alikuwa akituma maombi ya kazi katika kila hospitali ya kwao, kando ya ziwa, bila kupata jibu. Zahanati ndogo ya kanisa kwenye milima ya Kisii ndiyo iliyomwita. Alifunga virago wiki hiyo hiyo.

Si mbali. Ukipanda gari asubuhi Keumbu, mji mdogo ulio karibu na Birongo, kabla ya saa saba mchana umeshafika Kendu Bay na kuteremka hadi kwa mama yake, kwenye nyumba inayotazama maji. Lakini kule jua huchoma tangu saa mbili, na upepo hunuka samaki. Huku asubuhi huanza kwa ukungu, chai imetanda kutoka ua hadi ua, na saa tisa alasiri mvua hushuka kila siku kana kwamba imepangiwa zamu. Adhis alilala na soksi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Watu walimpokea vizuri. Hivyo ndivyo alivyomwambia mama yake kwenye simu, na ilikuwa kweli. Nyanchoka, mjane aliyempangisha vyumba viwili, alimletea ndizi za kupika na kuni kavu kabla hata hajafungua sanduku. Gesare, karani wa zahanati, alimwonyesha wapi pa kununua mboga na njia gani ina utelezi. Siku ya Sabato kanisani aliombwa asimame asalimie, na watu wakampigia makofi. Nyimbo alizijua zote. Zilikuwa zile zile za kwao, sauti ile ile, ila maneno ya Kikisii. Yeye aliimba ya Kijaluo, polepole, ndani ya koo.

Shida ilikuwa moja tu: walizungumza naye Kiswahili.

Walifanya hivyo kwa heshima. Kiswahili huku ni lugha ya shule, ya mjini na ya mgeni, na mgeni hupewa kilicho bora. Lakini kila alipowakaribia wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kituo cha chai, mazungumzo yao ya Kikisii yalikatika. Walisimama, wakasogeza vikapu.

“Habari yako, daktari?”

“Nzuri, mama. Mmeshindaje?”

“Salama tu.”

Kisha kimya cha adabu. Alipokwisha kupita, maneno yalirudi nyuma yake, na kicheko. Alijua hawamcheki. Lakini alitamani siku moja apite katikati yao na wasinyamaze.

Kazini ilikuwa vigumu zaidi. Wazee wengi waliokuja kutibiwa hawakujua Kiswahili, au walijua cha kununulia sukari tu. Gesare aliketi pembeni akitafsiri. Bibi mmoja angeweza kueleza maumivu yake kwa dakika tano, akishika kiuno, akinyoosha mkono kuelekea shambani, akikaribia kulia, na Gesare angegeuka na kusema, “Anasema mgongo unauma.” Nereah aliandika mgongo. Daima alibaki akijiuliza yale mengine yote yalikwenda wapi.

Jioni, baada ya kupika, alimpigia mama yake simu. Hizo dakika kumi ndizo alizozisubiri mchana kutwa. Alizungumza Kijaluo haraka haraka kama mtu aliyekuwa amevua viatu vinavyobana. Adhis naye alipewa simu azungumze na bibi yake, ambaye alimwita Dani, kama watoto wote wa kwao wanavyowaita bibi zao.

* * *

Adhis alianza Gredi ya Kwanza katika shule iliyo chini ya barabara. Watoto wadogo hufundishwa kwa lugha ya mahali, kwa hiyo Mwalimu Celestine alifundisha kwa Kikisii. Muhula mzima Adhis hakusema neno. Hakusema darasani, wala uwanjani, wala alipoangukiwa na dawati mguuni. Mwezi wa Aprili Nereah aliitwa shuleni.

“Mama Adhis, nilidhani mtoto hasikii,” Mwalimu Celestine alisema. “Nilikuwa karibu kukwambia umpeleke apimwe. Halafu wiki iliyopita nikamwona nyuma ya jikoni akiongea na kuku.”

“Na kuku?”

“Kuku wa mpishi. Anaongea nao vizuri sana. Nafikiri ni Kijaluo.”

Nereah alicheka, kisha akainama kutafuta leso kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika.

Mwalimu Celestine hakujifanya hajaona. Alivuta kiti karibu. “Mimi nilisomea ualimu Migori, kwenu kwa Wajaluo,” alisema. “Wiki ya kwanza nilikuwa nalala njaa kwa kuogopa kuuliza chakula kinapatikana wapi. Niachie huyu mtoto. Nitampa kazi.”

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya vikombe vya uji. Kila siku saa nne Adhis alipita dawati hadi dawati, na kila mwenzake alipaswa kuombwa kikombe kwa jina lake na kushukuriwa. Wiki mbili za kwanza alinyoosha mkono tu. Wiki ya tatu alinong’ona. Kufikia Julai alikuwa akiwagombeza wasiomaliza uji, na kufikia Septemba aliimba Kikisii akioga, akiosha na sauti yake kwenye karai la maji ya moto.

Jioni moja Nereah alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jikoni. Adhis aliingia uani akikimbia, ameshikana mkono na rafiki yake.

“Baba!” aliita.

Nereah aligeuka kutazama nyuma yake. Aligeuka kweli, kisu kikiwa mkononi, kana kwamba Eliakim angekuwa amesimama pale akipangusa viatu. Hapakuwa na mtu.

“Umemwita nani?”

“Wewe.”

“Mimi ni mama.”

“Huku mama anaitwa baba,” Adhis alieleza kwa subira. “Na baba anaitwa tata. Si ndiyo?” Rafiki yake akaitikia kwa kichwa.

Nereah aliweka kisu chini akaingia chumbani, akakaa kitandani mpaka maji aliyokuwa ameyabandika kwa ajili ya ndizi yakafurika jikoni na kuzima moto. Neno hilo halikuwa limetamkwa nyumbani mwake kwa karibu miaka minne. Tangu siku hiyo Adhis alimwita hivyo kila alipokuwa na wenzake, na Nereah aliitika. Lakini kila mara moyo wake ulimtafuta Eliakim kwanza.

Kadiri Kikisii kilivyoingia, Kijaluo kilitoka. Nereah alikisikia kikitoka. Kwanza Adhis alisahau majina ya vitu ambavyo Birongo havikuwepo: mtumbwi, ndoano, mwani. Kisha akaanza kuanza sentensi kwa lugha moja na kuimalizia kwa nyingine. Siku moja Dani alimwuliza kwenye simu kama amekula, na mtoto akajibu kirefu kwa Kikisii, kwa furaha, akisimulia chakula chote.

“Mpe mama yako simu,” Dani alisema hatimaye. Na Nereah alipoichukua: “Anasema nini huyo?”

“Anasema amekula, mama. Amekula mboga na...”

“Nereah. Nilikuruhusu uende ukafanye kazi. Sikukuruhusu umpoteze mtoto.”

Alitaka kujibu kwamba mtoto hajapotea. Kwamba mtoto ana marafiki kumi na mmoja na anajua kila njia ya kijiji, na kwamba aliyepotea ni mama yake. Badala yake alisema mvua inanyesha na simu haisikiki vizuri.

* * *

Mwaka wa pili, mwezi wa Juni, Mzee Ochoki alianza kuja zahanati. Alikuwa mtu wa miaka sabini na kidogo, mrefu, mwenye koti zito la sufu, na hakujua Kiswahili kabisa kwa kuwa hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa pia baba mkwe wa Gesare. Gesare aliolewa na mwanawe wa pili.

Mara ya kwanza alisema kichwa kinauma. Gesare alitafsiri akitazama sakafu, Nereah akampima shinikizo la damu, akampa dawa za maumivu. Wiki iliyofuata alirudi na kichwa hicho hicho. Nereah alimpima tena, hakuona kitu, akampa dawa nyingine. Alimwona mzee akiinuka kwa shida, ameshika ukingo wa meza, na akafikiri ni uzee.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne alasiri. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Adhis alikuwa ametoka shule na, kama kawaida yake, aliketi benchini kumngoja mama yake. Aliketi karibu na Mzee Ochoki. Kupitia dirisha Nereah aliwaona wakiongea. Mzee aliuliza kitu, Adhis akajibu, mzee akatabasamu huku uso wake ukiwa umelowa jasho. Kisha aliinama akamnong’oneza. Alinong’ona kwa muda mrefu.

Adhis aliingia ndani moja kwa moja, akapita nyuma ya Gesare aliyekuwa akiandika kadi, akamkaribia mama yake.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, “yule babu anasema hawezi kukojoa. Tangu jana asubuhi. Anasema kichwa hakimuumi, ni tumbo hapa chini, na anasema anaona kama atakufa.”

Nereah aliinuka taratibu ili asimshtue mtu.

“Gesare,” alisema, “kimbia umwite Makori na gari lake. Mwambie tunampeleka mgonjwa Kisii mjini.”

“Mgonjwa gani?”

“Nenda tu, dada. Haraka.”

Gesare alipotoka, Nereah alimwingiza mzee chumbani, akafunga mlango, akamlaza. Tumbo la chini lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Kwa ishara za mikono na maneno sita ya Kikisii alimweleza atakachofanya, na mzee akafumba macho, akakubali. Alimwekea mpira wa kutolea mkojo. Mkojo ulipoanza kutoka, Mzee Ochoki alishusha pumzi ndefu, akaweka kiganja chake kizito juu ya mkono wa Nereah, na machozi yakamtiririka hadi masikioni.

Makori alifika, wakampakia, na mzee akapelekwa hospitali kubwa ya mjini, ambako wiki mbili baadaye alifanyiwa upasuaji.

Jioni ile Gesare alikaa kwenye ngazi ya zahanati, mtandio umemfunika kichwa.

“Mimi ndiye nilikuwa namuua,” alisema.

“Si wewe. Mimi nilimtibu kichwa mara mbili. Sikumgusa tumbo.”

“Hangekuambia, maana nilikuwa nimekaa pale. Hata angeniambia, mimi nisingeweza kutamka.” Alijaribu kueleza. Kati ya mzee na mke wa mwanawe kuna haya, huku wanaiita chinsoni. Hawaingiliani vyumbani, hawataji mambo ya mwili mbele ya mwenzake. Ndivyo mtu anavyoonyesha kwamba amelelewa. “Lakini mjukuu ni tofauti. Babu anaweza kumwambia mjukuu chochote, wanataniana hata. Alimwona Adhis anaongea kama sisi, akamchukua kuwa mjukuu.”

Nereah alitazama uani, ambako Adhis alikuwa akiruka kamba. Mwanawe wa miaka saba alikuwa amebeba siri ya mwili wa mzee mkononi kama kikombe cha uji. Alishukuru Mungu kwa ajili yake, na papo hapo akaapa kwamba mtoto huyo hatatumwa tena kazi ya namna hiyo.

Tangu siku iliyofuata, kila mgonjwa aliulizwa kwanza, mlangoni, kama anataka Gesare awepo ndani. Na Nereah akanunua daftari.

* * *

Mzee Ochoki alirudi mwezi wa Agosti akiwa mwembamba, ametwikwa mkungu wa ndizi uliokaribia kumwangusha. Aliuweka miguuni mwa Nereah, akaketi kwenye benchi la nje, na hakuondoka. Alipoona daftari aliomba lifunguliwe. Akashika kichwa chake: omotwe. Akashika tumbo: enda. Akageuka akagonga mgongo: omogongo. Nereah aliandika. Kisha mzee akanyoosha kidole, akasubiri. Alitaka naye apewe la Kijaluo. Neno kwa neno. Alikataa kupokea bila kutoa, na alikataa kutoa bila kupokea.

Alikuja karibu kila wiki, wakati wagonjwa walipopungua. Kufikia Krismasi Nereah aliweza kumwuliza bibi kizee anaumwa wapi, tangu lini, na kama maumivu yanamwamsha, na kuelewa jibu kama si refu mno. Kufikia Pasaka alielewa hata marefu. Akagundua mambo ambayo Gesare alikuwa akiyaacha: majina ya watoto waliokufa, ng’ombe waliouzwa, mwana aliye Nairobi asiyepiga simu. Yote hayo yalikuwa ndani ya “mgongo unauma”.

Alasiri moja mvua iliwafungia wawili hao chini ya paa la zahanati. Mzee alisimulia taratibu, akirudia kila alipoona uso wa Nereah umekwama.

Alipokuwa kijana, alisema, alitoka hapa akaenda upande wa Bomet kumfanyia kazi mzee mmoja wa Kipsigis, kazi ya ng’ombe na shamba. Alikaa miaka kumi na moja. Mwanzoni hakuelewa hata alipoitwa kula. Alikuwa akiongea na ng’ombe.

“Binti yangu aliongea na kuku,” Nereah alisema.

“Kuku hawasikilizi. Ng’ombe ni afadhali.” Mzee alitabasamu. “Nilijifunza lugha yao mpaka wageni wakadhani mimi ni wao. Siku ya kwanza nilipoota kwa Kikipsigis, niliamka nikalia. Mama yangu alikuwa amekufa. Nilifikiri, akija kunitafuta ndotoni sasa, tutaelewanaje?”

Mvua ilipiga mabati kwa nguvu.

“Halafu ikaja miaka ya fujo kati yetu na wao, nikarudi huku kwetu,” mzee aliendelea. “Nikajenga, nikaoa. Na unajua kitu gani? Mpaka leo maziwa ya huku hayana ladha. Nayataka yale ya kule, ya kwenye kibuyu, yenye majivu ya mti. Nimekaa Birongo miaka arobaini nikiyatamani.”

“Hukurudi hata kutembea?”

“Nani angenisubiri?” alisema, akajifunga koti.

Mwaka huo wanawake wa kituo cha chai hawakunyamaza tena Nereah alipopita. Hakukumbuka ni siku gani hasa walianza. Siku moja alishtukia tu yuko katikati ya hadithi kuhusu ng’ombe wa mchungaji aliyekula mitandio ya kwaya, na Nyanchoka amemshika bega akicheka, na hakuna aliyemtafsiria. Alifika nyumbani na furaha hiyo, akampigia mama yake amsimulie. Kwa Kijaluo hadithi haikuchekesha. Dani alisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Na hiyo mitandio walilipwa?”

* * *

Mwezi wa Agosti wa mwaka wa tatu barua ilikuja. Ilikuwa kazi ile aliyoiomba zamani, kabla ya Birongo, na kuiomba tena kila mwaka kwa mazoea: muuguzi katika hospitali ya serikali, nusu saa kwa miguu kutoka kwa mama yake. Alikuwa na wiki tatu za kuripoti.

Hakumwambia mtu. Shule zilikuwa zimefungwa, akamchukua Adhis wakaenda Kendu Bay siku nne.

Dani alikuwa amezeeka. Magoti yalikataa, na alitembea akishika ukuta. Alimkumbatia Nereah kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mjukuu, akamsalimu kwa maneno yote marefu ya salamu za Kijaluo. Adhis alisimama na tabasamu la adabu. Alielewa nusu. Jibu alilitafuta, likamponyoka.

Baadaye, Nereah akiwa jikoni akipaka samaki chumvi, alisikia sauti ya mama yake sebuleni. Ilikuwa polepole, ya uangalifu, Kiswahili cha kanisani na sokoni.

“Karibu, mtoto. Keti hapa. Utakunywa chai? Usiogope, kuwa huru.”

Nereah alisimama na samaki mkononi. Aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameisikia miaka miwili mfululizo, kila siku, barabarani na dukani. Hakuwahi kuwaza kwamba ataisikia katika nyumba hii, ikielekezwa kwa damu ya nyumba hii.

“Mama,” alisema alipoweza, mtoto alipokuwa ametoka kuangalia maji, “kwa nini unaongea naye Kiswahili?”

“Niongee naye nini? Nimemsalimu, akanitazama kama nimemwuliza hesabu. Sitaki ateseke kwangu.”

“Ni mjukuu wako.”

“Najua ni mjukuu wangu,” Dani alisema. “Nina magoti mabaya, Nereah, akili ni nzima. Najua pia sina miaka mingi ya kumngoja ajifunze.”

Nereah aliketi karibu naye, akatoa barua kwenye mkoba, akamsomea. Mama yake hakushangilia. Alichukua karatasi hiyo ya Kiingereza, ambayo hakuweza kuisoma, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia yake ya Kijaluo. Hakuirudisha. Hivyo ndivyo jambo hilo lilivyoamuliwa.

Njiani kurudi, Adhis aliuliza, “Tukihamia kwa Dani, tutakuwa tunaenda nyumbani siku gani?”

“Kwa Dani ndiko nyumbani.”

Mtoto alifikiri. “Nyumbani kwa nani?”

Nereah alimvuta karibu.

Birongo waliagana naye kama watu wanavyomuaga binti anayeolewa mbali. Mwalimu Celestine aliandika barua kwa mwalimu asiyemjua, akaeleza habari za vikombe vya uji. Gesare, ambaye tangu Pasaka hakuwa ametafsiri neno, alilia akisema sasa atamtafsiria nani. Nyanchoka alifungasha mbegu za chinsaga, mboga chungu waipendayo watu wa huku, akaonya kwamba kwenye joto la ziwa haitaota vizuri, lakini ajaribu.

Mzee Ochoki alikuja wa mwisho. Alikaa benchini kama kawaida, fimbo katikati ya magoti.

“Ni vizuri,” alisema. “Mama ni mama. Nenda.”

“Nitakuja kuwatembelea.”

“Hivyo ndivyo na mimi nilivyowaambia wale wa Bomet.” Hakusema kwa uchungu. Aliinuka, akamshika mikono yote miwili. “Utaanza kutuota sasa. Ukiota, usiogope. Tuongeleshe tu.”

* * *

Nereah aliripoti kazini tarehe mosi Septemba. Wagonjwa walimweleza kila kitu kwa lugha aliyonyonya, naye alielewa hata kile walichokiacha. Jioni alimkanda mama yake magoti kwa mafuta. Dani alianza kumfundisha Adhis majina ya samaki, mmoja kila siku, akimshikisha mkononi. Mambo yalikwenda sawa. Watu walimwambia amerudi, na yeye alikubali kwamba amerudi.

Lakini saa tisa alasiri kila siku alijikuta akisimama dirishani kusikiliza mvua, na nje jua lilikuwa likiwaka tu. Joto lilimchosha. Chai ya dukani aliiona nyepesi. Mbegu za chinsaga ziliota mashina matatu, mawili yakakauka. Mara mbili alimjibu mgonjwa kwa Kikisii bila kujua, na mgonjwa akamtazama. Na shuleni Adhis alikuwa amenyamaza tena. Mwalimu mpya alikuwa mwema, barua aliisoma, lakini vikombe vya uji katika shule hiyo havikuwepo.

Alhamisi moja ya Oktoba, siku ya soko, Nereah alipita kununua nyanya pamoja na Adhis. Pembeni ya soko lori lilikuwa likishusha ndizi. Mwanamke mmoja mnene mwenye aproni alikuwa juu ya mzigo, akihesabu mikungu na kuwagombeza wapagazi kwa Kikisii cha haraka.

Adhis aliuachia mkono wa mama yake.

Nereah alipomfikia, mtoto alikuwa ameshika ubao wa lori, uso umeinuliwa, akiongea. Aliongea bila kupumua. Aliuliza ndizi zimetoka wapi, kama barabara ya Keumbu ina matope, kama wanajua ng’ombe wa mchungaji. Mwanamke aliacha kuhesabu. Alishuka polepole, akachuchumaa mbele yake. Aliitwa Phanice, alisema, na ndizi zimetoka Keumbu leo alfajiri, na ndiyo, matope yapo, tena ya kufika magotini. Mvua hainyamazi.

“Inanyesha saa tisa?” Nereah aliuliza, naye kwa Kikisii.

Phanice alimtazama, akashangaa, akacheka. “Saa tisa kamili, dada. Ingekuwa saa ngapi nyingine?”

Nereah alinunua mkungu mzima ambao hakuwa na haja nao wala njia ya kuubeba. Alibaki amesimama pale akiuliza bei ya majani ya chai, akiuliza kama maua ya kahawa yametoka, maswali ambayo majibu yake hayakumsaidia kitu. Mpagazi mmoja alipita na kumwambia kwa Kijaluo asogee kidogo. Alisogea.

“Na wewe, mrembo,” Phanice alimwuliza Adhis, akimpangusa vumbi la ndizi shavuni, “wewe ni mtoto wa wapi?”

“Wa Birongo,” Adhis alisema.

Phanice aliinua macho kwa mama, akingoja kuthibitishiwa. Lori lilikuwa likimaliza kushusha. Nereah alifungua mdomo, akafikiria nyumba inayotazama maji, na mama yake aliyeketi mlangoni na samaki wa leo kwenye sahani, akimngoja mtoto aje ajifunze jina la samaki huyo.

“Ndiyo,” alisema. “Tumetoka huko.”